Taifa la Mkwe Wangu Lijieleze kwa Maandishi

Adventina Kokugonza (Mama Doris),
International City, Dubai.
Jumapili, baada ya misa.

Kwa Mheshimiwa Balozi wa Slovakia.

YAH: OMBI LA TAIFA LENU KUJIELEZA KWA MAANDISHI, PAMOJA NA MALALAMIKO MATANO

Mheshimiwa Balozi,

Shikamoo. Kama umri wako ni mdogo kuliko wangu, basi marahaba, na hiyo shikamoo mpelekee mama yako. Natumaini nyumbani hamjambo, watoto wanasoma, na joto la mwaka huu halikuwatesa sana. Sisi hapa wazima, isipokuwa mimi presha inapanda na kushuka, na kinachoipandisha ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Naomba kujitambulisha. Mimi ni Mtanzania wa Bukoba, mpishi nyumbani kwa madam Jumana kule Karama, mwaka wa kumi na nne huu. Shule niliishia darasa la tano, lakini barua rasmi tulifundishwa la nne, kwa hiyo utaona nimeacha nafasi pembeni na kichwa cha habari nimekiandika kwa herufi kubwa. Mume wangu Wilbard ni mlinzi wa ghala Jebel Ali. Mtoto tunaye mmoja, Doris, miaka ishirini na mitano, naye yuko Jebel Ali hiyo hiyo, ofisini, anapanga kontena lipi litangulie na lipi lisubiri. Hapo ndipo alipokutana na mtu wenu.

Mtu wenu anaitwa Ondrej. Ni fundi wa ile mikanda inayosukuma mizigo. Nasema mapema usije ukadhani nina chuki: kijana mwenyewe sina neno naye. Anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, na Kiswahili amejifunza kwa Doris. Anakula ndizi za kupika, akimaliza anauliza kama zimebaki. Wilbard akimweleza habari za mgongo wake, anasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mimi mwenyewe niliacha zamani. Malalamiko yangu hayako kwake, yako kwa taifa lililomtoa.

Sasa nikueleze jambo lenyewe. Kwetu binti haposwi hivi hivi. Jumamosi hii inayokuja Ondrej anakuja kujitambulisha ukweni, na kabla ya siku hiyo kazi ya mama ni kuulizia: ni watu wa wapi, dini yao ipi, wako upande gani, ukoo wao mwiko wao nini. Nyumbani ningekwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, anayejua mpaka nani aliiba kuku wa nani, angeniandikia barua ya utambulisho, angegonga muhuri, ningelala. Nyinyi mlimpa Ondrej karatasi inayosema hajaoa. Ni karatasi nzuri, muhuri umekolea, nashukuru. Lakini kutokuoa si utambulisho, Mheshimiwa. Hata hiki kiti nilichokalia hakijaoa.

Basi nikaona nimuulize mwenyewe. Wiki tano nimemuuliza, kila akija kula, mimi na daftari langu. Kila swali nililouliza lilikuwa dogo, na kila moja lilirudi na majibu matano, na ubaya wake yote ni ya kweli. Ndiyo maana nimekuja kwako wewe uliye mjumbe wao. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Nchi yenu haitulii kwenye jina lake.

Nilimuuliza Ondrej kwao wapi. Akasema Slovakia. Nikaandika Slovakia. Akasema, lakini Mama, mimi nilizaliwa Chekoslovakia. Nikakata, nikaandika Chekoslovakia. Nikamuuliza mlihama lini? Akasema hawakuhama. Alikuwa mtoto wa nepi, mwaka mpya ukaingia, nchi ikagawanyika vipande viwili, wananchi hawakupigishwa hata kura ya kuulizwa. Mama yake mdogo aliyeolewa Praha akawa mgeni kwa dada yake tangu asubuhi ile, wakati chungu alichoazima kilikuwa bado hakijarudishwa.

Nikasema labda hiyo ni ajali ya mara moja, inatokea. Ndipo akaniletea habari za bibi yake.

Bibi Hedviga ana miaka themanini na minane. Anakaa kijiji cha mwisho kabisa mashariki, nyumba ya buluu yenye kisima mbele. Alizaliwa humo, ilikuwa Chekoslovakia. Kabla hajajua kusema vizuri wakaja Wahungaria, ikawa Hungaria. Vita vikaisha, ikarudi Chekoslovakia. Ikawa Chekoslovakia ya Kijamaa. Ikawa ya Shirikisho, na hapo wakubwa walibishana miezi kama katikati ya jina kuwe na kistari au kusiwe. Halafu ndiyo ikawa Slovakia, na baadaye ikaingia Ulaya, ambako mimi nilidhani ilikuwepo siku zote. Na muda huo wote, Mheshimiwa, mama huyu hajahamisha hata kitanda.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Kila nchi mpya ikija ilimtuma karani na karatasi kuuliza waliomo humo ni wa taifa gani. Na tangu enzi za mama yake, jibu la nyumba ile lilikuwa moja: "Sisi ni wa hapa." Karani anauliza, hapa wapi? Anajibiwa, "Hapa." Jamani! Hilo ni jibu la mtu mzima? Mimi nikisimama kaunta ya uhamiaji nikajibu hivyo, khalas, nitaandaliwa ndege ya kwanza. Mpaka leo daftari langu lina mstari mtupu, kwa sababu nimeshindwa kuandika: Taifa la mkwe, la hapa.

2. Dini imewahama watu, na watu wameihama dini, na wote wamekaa pale pale.

Sisi ni Wakatoliki. Doris alipata kipaimara katika kanisa la Jebel Ali, kwa hiyo swali la dini kwangu si la kupitishia muda. Ondrej aliposema kwao ni Wakatoliki moyo wangu ulitulia kama dakika mbili. Kisha akaongeza: wa Kigiriki. Nikamwambia nyinyi si Wagiriki. Akasema hapana, ni namna ya ibada tu, tuko chini ya Baba Mtakatifu yule yule, ila mapadri wetu wanaweza kuwa na wake. Nikaomba maji.

Endelea kusikiliza. Mwaka wa hamsini serikali yenu ilifuta dhehebu lile, kanisa likapewa Waorthodoksi. Bibi Hedviga, wakati huo msichana, akaingia Jumapili kwenye benchi lake, la tatu kutoka mbele, akaambiwa kuanzia leo wewe ni Morthodoksi. Akakaa. Miaka kumi na minane ikapita, akaambiwa haya, sasa umekuwa Mkatoliki tena. Akakaa. Nilimuuliza Ondrej, bibi alisema nini siku hizo mbili? Akasema anavyosimulia, zote mbili kulikuwa na baridi sana.

Na babu! Marehemu babu yake alikuwa mtu wa Chama, kadi mfuko wa shati, dereva wa trekta la ushirika. Chama chenyewe kilikuwa kinasema Mungu hayupo. Alipozaliwa binti yao, ambaye ndiye mama yake Ondrej, Bibi Hedviga alimfunga shali akataka akabatizwe kijiji cha tatu, mahali wasikojulikana. Nani aliwapeleka? Babu, kwa trekta hilo hilo. Ndani hakuingia. Alifungua boneti mbele ya kanisa akajifanya injini imekufa, akaitengeneza misa nzima, na wimbo aliokuwa akiujua ukipigwa anauimba chini chini, kichwa kimo ndani ya boneti. Sasa mtu wa namna hii nimwandike nani? Mkomunisti? Mkatoliki? Fundi magari?

Nilitegemea uhuru ulipokuja wangejazana makanisani mpaka milango ing'oke. Ondrej anasema walijazana, halafu wakapungua. Siku hizi watu wakihesabiwa, zaidi ya nusu wanajiandika Wakatoliki, lakini Jumapili pale kijijini anaonekana Bibi Hedviga na vikongwe wenzake wanne. Ondrej mwenyewe kwenye sensa alijaza hana dini. Bibi akapata habari, akamlazimisha mjukuu mwingine amjazie upya. Kwa hiyo huyu ninayetaka kumpa mwanangu, kwa upande mmoja hana dini, kwa upande mwingine anayo, na pande zote mbili ni yeye. Halafu Wilbard alipolala na mgongo, tukamsalia rozari hapa sebuleni, huyo asiye na dini aliinamisha kichwa akajibu Amina kabla ya Doris. Nilimwona. Nilikuwa nimefumbua jicho moja kwa ajili hiyo.

3. Siasa zenu hazikai meza moja.

Kwetu ukitaka kujua mtu yuko upande gani unaangalia kofia aliyovaa, na ukitaka uhakika unaangalia fulana. Nikadhani na kwenu kuna utaratibu.

Mama yake Ondrej, mwaka wa themanini na tisa, alikuwa msichana. Yeye na maelfu ya wenzake walisimama uwanjani kwenye baridi, wakatoa funguo mifukoni wakazitikisa juu, kuiambia serikali saa ya kwenda nyumbani imefika. Na serikali ikaenda, Mheshimiwa! Kwa funguo! Nilitokwa na machozi Ondrej aliponisimulia, sifichi. Ila dada huyo alitikisa kwa nguvu mpaka ufunguo wa nyumba ukachomoka ukapotelea kwenye theluji, na siku ya kwanza ya uhuru aliingia kwao kwa dirisha la jikoni.

Sasa mama huyu na kaka yake, mjomba Vojtech, hawaelewani. Mjomba anasema zamani palikuwa pazuri, kila mtu alikuwa na kazi na hakuna aliyemringia mwenzake. Dada anamwambia, zamani ulikuwa na miaka ishirini na nywele, hivyo ndivyo unavyovililia. Mjomba anawapenda Warusi, dada anaipenda Ulaya. Krismasi wanakaa huyu mwisho huu wa meza, yule mwisho ule, na Bibi Hedviga katikati anapitisha mkate. Na huyo mjomba, aliyekaa kwenye Chama cha wasiomjua Mungu miaka kumi, leo ndiye anayesema taifa lao ni la Kikristo, ametundika ukutani bendera yenye msalaba, na kanisani haendi. Dada yake, yule aliyepelekwa kubatizwa kwa trekta, kanisani haendi pia, ila bendera hataki. Anayekwenda ni bibi, na bibi ukimuuliza habari za taifa tumeshaona anajibu nini.

Hapa kuna neno moja siliandiki kwa utani. Nilipombana sana Ondrej kwa nini bibi hajibu vizuri, alinieleza. Nyumba iliyopakana nao walikaa Wayahudi, na walikuwa na binti wa umri wake, walikuwa wakicheza pamoja pale kisimani. Makarani wa wakati ule walipita na karatasi ile ile ya kuuliza nani ni nani. Baadaye, bibi akiwa na miaka saba, wale majirani walitolewa wakapakiwa kwenye treni. Hawakurudi. Tangu hapo hampendi mtu anayekuja na kalamu kumuuliza wewe ni wa taifa gani.

 Nikaweka kalamu chini, Mheshimiwa, kwa sababu nilikuwa nimeishika.

Siku ile sikuuliza tena. Lakini mama ni mama. Alipokuja mara nyingine nikaichukua tena kalamu.

4. Mnaogopa watu ambao hamjawaona.

Mjomba Vojtech anaamini wageni wataimaliza nchi, na Waislamu ndio watakaotangulia. Kijijini kwao hajawahi kufika Mwislamu hata mmoja, hata kwa kupotea njia. Basi mwaka jana mjomba huyu akapanda ndege akaja kumtembelea Ondrej. Akaja wapi? Dubai. Nakuachia hapo upumue.

Kwenye nyumba hii jiko tunatumia pamoja na Mwanamkasi, mama wa Kimombasa, mtu wa swala tano na maneno mengi. Aliposikia kuna mgeni akapika mahamri na mbaazi za nazi. Mjomba akala mawili, akasifu, akauliza kwa mdomo wa Ondrej hiki ni chakula cha Wakristo wa wapi. Mwanamkasi akacheka mpaka mtandio ukamtoka. Akamwambia Ondrej, "Hebu mwambie mjombako, haya yamepikwa na hao hao wanaomkosesha usingizi." Mjomba akatazama andazi mkononi, akamtazama Mwanamkasi, akatazama andazi. Akala. Alikula saba. Na mwaka huu Idi ilipofika, salamu zake ziliingia kwenye simu ya Mwanamkasi kabla ya za ndugu zake wa tumbo moja.

Lakini amerudi kwao na anasema vile vile! Ondrej akamuuliza, je, Mwanamkasi? Akajibu, "Huyo si mgeni, huyo ni Mwanamkasi." Mwanamkasi aliposikia akasema yalla, basi awalete wenziwe wote mmoja mmoja, mahamri tutapika sisi.

Tulicheka. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani, na sikucheka tena. Mkataba wa Ondrej utaisha, na wanataka kwenda kuishi huko. Doris wangu hawezi kumpikia kila mtu mahamri. Atasimama dukani kijijini na hii ngozi yetu na hizi nywele zetu, watu watageuka, na wataulizana, huyu nani? Nchi ambayo yenyewe imeulizwa mara sita wewe ni nani na imebadilisha jibu mara sita, siku hiyo itamjibia nini mwanangu? Mheshimiwa, presha yangu iko hapa. Hayo mengine nimeyaandika ili barua ipate mwili.

5. Hamkutangaza mapema habari za gamba.

Kwetu kila ukoo una mwiko wake, mnyama au kitu wasichokula. Ukoo wa Wilbard, yaani wa Doris, hawali kamongo, yule samaki wa matopeni. Wenye mwiko mmoja ni damu moja, hawaoani hata wawe wamependana vipi. Nikamuuliza Ondrej mwiko wao nini. Hakuelewa. Nikamwambia, kitu ambacho familia yenu inakiheshimu, imekirithi kwa mababu. Akafikiri, akatoa pochi mfukoni, na ndani ya pochi akatoa gamba la samaki.

Gamba, Mheshimiwa! Limekauka, gumu kama ukucha. Akasema bibi humpa kila mtu la kwake siku ya mkesha wa Krismasi, linawekwa chini ya sahani, kisha linakaa pochini mwaka mzima kwa heri na baraka. Huyu ndiye aliyejaza kwenye sensa kwamba haamini kitu. Nilimtazama Wilbard, Wilbard akanitazama. Samaki! Siku tatu nzima nilizunguka jikoni kwa madam nikiamini binti yangu anakwenda kuolewa na kaka yake wa Slovakia. Mchuzi niliutia chumvi mara mbili, na madam akauliza kama kuna msiba.

Wilbard akawapigia wazee wa ukoo. Wakakaa kikao, simu ikawekwa juu ya meza. Swali la kwanza: samaki huyo ana ndevu? Ondrej akasema anazo kidogo.  Swali la pili: wanamla au hawamli? Ndipo Ondrej akaeleza kwamba tangu zamani hununuliwa akiwa hai, anawekwa kwenye bafu la kuogea siku mbili tatu, watoto wanampa jina, wanazoeana naye, halafu anachinjwa na wote wanamla Krismasi, watoto wakiwa na machozi. Wazee wakanong'onezana. Kisha yule mkubwa wao akasema ukoo unaompa samaki jina na kumwogesha kisha unamla, wao hawaujui na hawahusiani nao kabisa, binti aolewe.

Kwa hiyo hili limeisha salama. Nalalamikia zile siku tatu.

Kwa sababu hizo zote naomba yafuatayo. Kwanza, taifa lenu likae kikao likubaliane lenyewe ni nani, liandike ukurasa mmoja tu, herufi ziwe kubwa kidogo maana miwani yangu imelegea mkono mmoja. Pili, ukurasa huo unifikie kabla ya Jumamosi. Tatu, nchi isibadilishe jina, mpaka wala dini mpaka harusi ipite, kwa sababu Wilbard kwa haraka zake ameshachapisha kadi na zimeandikwa Slovakia. Nne, wakishindwa kuelewana wote, basi wamwachie Bibi Hedviga aandike peke yake, maana ndiye aliyekuwepo muda wote.

Nisipopata majibu, Jumamosi mlango wangu sitaufungua. Nimemwambia Doris hivyo hivyo, macho kwa macho.  Aliondoka akaenda jikoni kuosha vyombo, na vyombo vilikuwa safi.

Naomba kuishia hapa. Wasalimie nyumbani kwako wote, mkubwa kwa mdogo, msalimie na dereva wako na yule anayegonga mihuri. Wacheki nao mkikutana wasalimie, mwambie yule mama mdogo wa Praha chungu kirudishwe. Najua Kiswahili husomi. Tafuta mtu wa kukutafsiria, ila asiwe Ondrej, huyu atapunguza makali.

Ni mimi, mama wa mtoto mmoja, ninayeandika kwa heshima na kwa presha,

Adventina Kokugonza

N.B. Mheshimiwa, usiikunje bado.

Nilikuwa nalamba bahasha Doris akatoka jikoni na mikono ya povu, akasema neno moja tu: "Mama, na wao wakituuliza sisi?" Nikamwambia sisi tunajulikana. Na ili nimnyamazishe nikampigia simu mama yangu mzazi, Paskazia, aseme mwenyewe, spika nikaifungua.

Mama yangu anakaa nyumba ile niliyozaliwa, ng'ambo ya mto Kagera, karibu na mpaka wa Uganda. Bibi yangu aliolewa hapo wakati wa Wajerumani. Mama alizaliwa wakati wa Waingereza. Ikaja Tanganyika, ikaja Tanzania. Mwaka wa sabini na nane, mimi nina miaka tisa, wakaingia askari wa Nduli, rais wa Uganda wa wakati ule, wakatangaza pale ni kwao, na kwa wiki kadhaa nyumba yetu ikawa nchi nyingine. Sisi watoto tulikimbizwa migombani. Mama alibaki na bibi aliyekuwa hawezi kutembea. Hayo nilikuwa nayajua, ila sikuwahi kuyapanga kwenye mstari.

Nikamuuliza baba yetu alikuwa mtu wa dini, si ndiyo, mwambie mjukuu wako. Akasema alikuwa katekista, tena ufunguo wa kanisa alikuwa nao yeye. Akacheka. Akasema, "Na kile kibanda cha mizimu nyuma ya nyumba, unadhani nani alikuwa anakipelekea kahawa? Alikuwa anatuaga anakwenda kuangalia migomba." Nikaona lile trekta, boneti limefunguka. Nikamuuliza chama, nikitumaini hapo angalau. Akasema kadi ya chama kile cha kwanza ameifungia ndani ya kitabu cha misa isikunjamane, na fulana za vyama vingine anazo zote, za kulimia. Anampigia nani kura hajamwambia hata padri.

Nikamuuliza la mwisho. Wale askari wa Uganda walipoingia ndani, walikuuliza nini?

"Waliniuliza mimi ni wa nchi gani."

Ukawajibuje, Mama?

"Ningewajibuje? Niliwaambia mimi ni wa hapa."

Doris alikuwa ananitazama. Sikumtazama.

Bado hatujakaa sawa, Ondrej akabisha hodi. Alikuwa amempigia bibi yake kumwambia mama yake Doris anaulizia ukoo, na bibi akamtumia sauti kwenye simu. Maswali yangu hakujibu hata moja. Alisema picha ya Doris ameitundika ukutani karibu na ile ya Bikira Maria, na wanaokuja wanaiona. Mama wa dukani akauliza huyu ni nani, wa taifa gani. Padri akauliza wa dini gani. Mjomba Vojtech naye akauliza, kana kwamba hakula mahamri yetu. Wote watatu amewapa jibu moja, na ameshawaambia asiulizwe tena.

Ondrej akasita kutafsiri, akawa anatafuta maneno. Nikamwambia mwanangu, usihangaike, hilo nalijua.

Mheshimiwa, hapa Dubai nimepika miaka kumi na minne. Doris alikuja ana kumi na mmoja, kakulia hapa, kasoma hapa. Hapa tumepata kazi na riziki, tunashukuru, lakini karatasi zetu ni za miaka miwili miwili, na neno lile hatujawahi kulisema wala kulisubiri kwa mtu. Limekuja kutoka kwa kikongwe asiyetuona, wa kijiji kilichobadilishwa jina mpaka kikachoka.

Kwa hiyo malalamiko namba moja mpaka namba tano nimeyaondoa, isipokuwa la samaki wa bafuni, hilo naomba mlizungumze kama taifa. Kikao msiitishe. Barua nakutumia hivyo hivyo kwa sababu nimeiandika siku mbili. Kwenye daftari ule mstari mtupu nimeshaujaza.

Kadi yako ya harusi imo ndani ya bahasha. Jumamosi chakula ni saa saba, mlango utakuwa wazi tangu asubuhi. Ukifika chini ya jengo, mlinzi atakuuliza wewe nani na umetokea wapi, maana ndiyo kazi yake. Usimwonyeshe karatasi. Mwambie tu wewe ni wa hapa, atakupandisha.